Chai ya Saa Kumi na Mama Mkwe Wangu

Akina mama wenzangu, asanteni kwa makofi, ila naona mwenyekiti ameshaangalia saa yake na mimi sijasema hata neno moja. Haraka hiyo hiyo, mwenyekiti, ndiyo iliyonifikisha hapa mbele. Nivumilie nitoe ushuhuda wangu.

Wengi mnanijua, ni fundi cherehani pale Butimba. Miaka yote chai nilikuwa nakunywa nimesimama. Tena nilikuwa naipooza kwa maji ya bomba! Msicheke, najua humu ndani mpo mnaofanya hivyo. Natia maji ya baridi, nagugumia, narudi kwenye cherehani. Msimu wa harusi ndiyo usiseme: sare za kamati, sare za mashangazi, na kila mtu anataka ya kwake itangulie.

Siku moja nakata kitambaa, mkasi ukaniponyoka. Nikauokota, ukaniponyoka tena. Mdomo nao ukaenda upande. Hospitali wakasema presha imepanda sana, nimepata kiharusi kidogo, na nisipopumzika kitakachofuata hakitakuwa kidogo. Ndugu zangu, mkono wa kulia ndio kazi yangu. Niliukumbatia ule mkono nikalia kama nimefiwa.

Mume wangu akaona dawa ni kumleta mama yake kutoka Usagara. Mnanielewa lakini? Mtu ana presha, unamletea mama mkwe!

Akaja na mfuko wa matobolwa. Tuliokulia huku tunayajua, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa mpaka meno yakivigusa yanaomba msamaha. Akatangaza kwamba kila saa kumi tutakunywa chai barazani, mimi na yeye. Gesi ipo, haitaki. Anawasha mkaa, anaupepea, anatwanga tangawizi, anasubiri maziwa yachemke, na mimi pale kwenye kiti nachemka kuliko maziwa. Simu yangu ameifungia chumbani mpaka tumalize. Maji ya bomba marufuku. Kikombe nikishike kwa mkono wa kulia, wa kushoto usaidie tu.

"Mama, nina kazi za watu," namwambia.

"Tafuna, mwanangu."

"Mama, wateja watanikimbia."

"Umeshameza? Tafuna kwanza."

Nilichukia, nawaambia ukweli. Akienda sokoni tu, nakimbilia mkasi. Unaanguka. Najaribu tena, unaanguka. Wateja wakipiga simu nasema niko salama kabisa, nguo zinakaribia kuisha. Zilikuwa hazijakatwa hata moja! Halafu saa kumi inafika, nakalishwa tena mbele ya kile kikombe, hasira zinanipanda.

Sasa jioni moja tumekaa, mama mmoja akaingia getini anafoka. Jina silitaji, na humu hayupo, acheni kugeukageuka. Nilikuwa na vitambaa vyake vya sare za sendofu ya kumuaga binti yake.

"Vitambaa vyangu viko wapi? Kila nikipiga unasema kesho, kumbe umekaa unakunywa chai!"

Nikataka kuinuka. Mama mkwe akanishika bega. "Kaa." Kisha akamgeukia mgeni. "Karibu, mwanangu. Mama mkwe wako anakupenda, umetukuta tunakunywa."

Na ninyi mnajua, kwetu ukikuta watu wanakunywa chai huondoki hivi hivi, hata ungekuja kugombana. Yule mama akakaa kwa hasira. Akapewa kikombe, akapewa na kipande cha tobolwa. Akakitia mdomoni aendelee kufoka, wapi! Hakifokeki. Akatafuna weee, kimya, macho yakatua kwenye mkono wangu na kikombe kilivyokuwa kinatikisika.

Alipomeza, sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Dada, mkono una nini?"

Nikamweleza. Hakuna mteja niliyekuwa nimemwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini taratibu.

"Kwa hiyo ningekuja msibani kwako kudai vitambaa," akasema.

Jamani. Daktari alisema, mume wangu alisema, halikuniingia. Hilo liliniingia. Nikajiona nimelazwa sebuleni, mtu amesimama mlangoni anauliza sare zake. Nikalia, naye akalia, akasema hata yeye tangu harusi hii ianze hajawahi kukaa na kikombe. Mama mkwe akatuongezea chai.

Siku iliyofuata yule mama alipeleka vitambaa vyake kwa fundi mwingine, kisha akazunguka kwa wateja wangu kuwaeleza. Hakuna aliyenikimbia. Nami nikaacha kushindana na mkaa. Dawa za presha nameza mpaka leo, msije mkasema nimewaambia chai inatibu kiharusi, nawajua! Lakini kidogo kidogo mkono ulirudi. Nakata tena, nguo chache, na wa haraka namwelekeza kwa wenye haraka.

Namshukuru Mungu. Namshukuru muuguzi wa zahanati anayenipima presha na kunigombeza, na mama yule aliyekuja kwa ugomvi akaondoka rafiki. Ushauri wangu ni mmoja: mama, keti unywe chai yako ingali moto, na atakayekukuta mkaribishe. Kazi haijawahi kumzika mtu kwa heshima.

Mama mkwe namshukuru mwisho, kwa sababu bado ananiudhi. Amerudi kwake Usagara, lakini kila saa kumi anapiga simu. Hata salamu hakuna. Anauliza, "Umekaa?" Mwanamke mzima, mwenye wajukuu wake, naulizwa kama nimekaa! Naitazama simu inaita, nasonya. Halafu navuta kiti, nakaa vizuri, ndipo napokea.