Waliomwombea Salome

Bwana asifiwe, wapendwa wa Tunduma, nanyi wageni wetu mliovuka kutoka Nakonde asubuhi hii! Mnanifahamu kama Baba Imani, wakala wa kugomboa mizigo hapo mpakani, mtu wa benchi la nyuma na maneno machache. Leo nitasema, kwa kuwa Mungu amenitoa katika kifungo ambacho wengi wenu hamkujua kwamba kipo.

Ndugu zangu, mimi ni mwandishi, ingawa hamtakiona kitabu changu dukani. Mtakumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mchezo wa redio ambao nyumba nyingi za mji huu zilinyamaza kuusikiliza. Ndani yake alikuwamo Salome, mkunga wa kijijini, na mumewe Kedmoni, dereva wa lori. Mchezo ule ulikatizwa ghafla, Salome akiwa amesimama mlangoni na begi mkononi, tusijue kama anaondoka au anarudi. Wengine walisikitika, kisha wakasahau. Mimi nilishindwa. Nilisomea fasihi chuo kikuu, na hadithi isiyokwisha hunisumbua kama mwiba uliovunjikia unyayoni. Basi nikaanza kuandika mwendelezo. Niliwachukua watu wale wale, nikawapa siku nyingine za kuishi. Wapo wengi duniani wafanyao hivyo, bila malipo, kwa mapenzi tu ya hadithi waliyoikuta. Kila wiki niliandika sura moja ndani ya gari, malori yakisubiri kuvuka, nikaituma kwa jina la kubuni katika kundi la simu la wasikilizaji wa zamani wa mchezo ule.

Ujira wa mwandishi wa namna yangu ni mmoja: neno la msomaji. Nami sikulipwa! Simu ilinionyesha kwamba watu wamesoma. Walisoma, wakaenda zao. Chini ya sura niliyoihangaikia wiki nzima, mtu alibandika tangazo la vifaranga. Na vifaranga, ndugu zangu, vilipata maswali mengi.

Nilianza kuumwa ugonjwa usio na dawa hospitalini. Nilifungua simu kabla ya kusali. Niliifungua mezani, niliifungua msibani. Mke wangu aliniambia, "Baba Imani, unaipekua simu hiyo kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Utatuua na presha." Nilicheka naye, lakini moyoni nilikuwa nimegeuka uchungu. Nikiona jina la mtu aliyesoma bila kusema neno, nilimchukia, mtu nisiyemjua hata sura!

Uchungu ule uliniletea uamuzi. Niliandika sura ambamo Salome anashikwa na homa kali, hasemi, na mumewe yuko safarini Kongo. Nikaituma. Sura iliyofuata angekufa, nami ningefuta kila kitu nilichokiandika na kujitoa katika kundi. Nilijiambia: watalinyamazia hili pia? Nao walinyamaza.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwenye ibada ya jumuiya nikiwa na kifo cha Salome tayari kichwani. Wengi wenu mlikuwapo. Kiongozi wetu aliuliza kama kuna mwenye hitaji la maombi, na Bibi Nachilima, yule anayechambua maharage pale ghalani karibu na soko, akainuka akishika kiti.

"Naomba tumwombee Salome," alisema. "Homa imempanda, hasemi. Na mume yuko Kongo na lori lake."

"Maskini! Amelazwa wapi, Bibi? Vwawa?" aliuliza kiongozi.

"Bado hatujaambiwa."

"Yesu wangu," alisema Mama Atupele, "na watoto nani anawapikia? Mimi nitachukua uji. Wapi nipeleke, mtaniambia."

Kisha mkaomba! Ndugu zangu, mlimwombea Salome kwa machozi. Mama mmoja alipiga magoti sakafuni. Mlimtaja mume aliye barabarani, mkataja watoto ambao mimi mwenyewe nilikuwa sijawapa majina. Nami nilikaa macho wazi, jasho likinitoka, kwa kuwa Salome huyo hakulazwa Vwawa wala Mkwajuni. Alikuwa katika simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Naona mnacheka. Chekeni, lakini siku ile sikuweza kucheka.

Baada ya ibada nilimfuata Bibi nje, nikamwambia kwa upole, "Bibi, Salome yule ni mtu wa hadithi tu."

Alinitazama juu mpaka chini. "Kwani mimi mtoto? Najua ni wa hadithi. Eliza mkwe wangu hutusomea kwenye simu tukichambua, ghala zima tunasikiliza. Lakini anayeandika si wa hadithi. Huyo ni mtu, na siku hizi ana hasira. Zamani alikuwa anatuchekesha mpaka maharage yanamwagika. Sasa sura ya pili hii hacheki. Nilijua anataka kumuua yule binti. Nimemwombea Salome ili apone huyo."

Nilitoa simu mfukoni. Nikasema, "Bibi, ni mimi."

"Wewe?" Alipiga makofi, akacheka hadi akaegemea ukuta. "Baba Imani! Na unavyokaa kanisani kama gunia la chumvi!"

Nilipomaliza kuona haya nilimuuliza swali lililokuwa limenila muda wote: kwa nini hawakuniandikia hata neno moja?

"Tuandike na mikono gani? Simu ni ya Eliza, sisi wengine tumejaa vumbi la maharage. Na msimulizi hakatizwi, mwanangu. Mtu akisimulia vizuri unamwachia uwanja. Tulinyamaza ili uendelee." Kisha akanipiga begani kwa kidole. "Haya, nenda kamwinue mtoto wa watu."

Ndugu zangu, hapo ndipo minyororo ilipoanguka! Nilikuwa nimeuita ukimya dharau, kumbe ulikuwa heshima. Nilidhani naandikia jangwa, kumbe lilikuwapo ghala zima la wanawake ambao vidole vyao vilisimama juu ya ungo kila Salome alipoingia hatarini. Nimesoma nadharia nyingi kuhusu msomaji. Sikuwahi kusoma habari za msomaji anayepiga magoti kumwombea mwandishi. Nawastaajabia akina mama wale. Walitoa usikivu wao wote bila kudai nijue kwamba wameutoa, na katika hilo walikuwa wakarimu kuliko mimi niliyetoa sura zangu nikiwa nimenyoosha mkono.

Asubuhi iliyofuata, malori yakiwa yamejipanga, nilimwandika Salome akifumbua macho. Nilimpa utani kidogo, kwa ajili ya ghala. Nikatuma. Hakuna aliyejibu. Safari hii mtu alibandika bei ya mbegu za alizeti, nami nikasoma bei ile kwa amani kabisa, nikawasha gari nikaenda kazini.

Siwadanganyi: bado zipo siku mkono unaikimbilia simu. Lakini ile chuki imeondoka, nami naandika kwa furaha niliyoanza nayo. Jumatano iliyopita Bibi Nachilima alitoa shukrani kwamba Salome ameketi na ameomba uji, na Mama Atupele akauliza tena ule wake aupeleke wapi. Mama, nisamehe, uji ule ulioahidi umeniponya mimi.

Wewe uimbaye sauti ambayo hakuna aisifuye, wewe ufundishaye watoto wa Jumapili nao wanatoka mbio bila kuaga, usiuhukumu ukimya kabla hujajua ni nani amekaa ndani yake akisikiliza. Mtumaini Mungu, tenda kazi yako kwa moyo mweupe. Na nimewaza neno moja zaidi, kisha nitakaa. Yeye hututumia siku mpya kila asubuhi. Tunaipokea, tunaitumia, tunakwenda zetu bila neno. Naye hajakasirika akaacha kutuma. Leo pia ameituma, na jua limeingia hadi madhabahuni.

Basi simameni, ndugu zangu, tumjibu.