Vifuniko vya Yunusi

Benchi la Sailimai lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya magogo mawili mbele ya mlango wake, kona ya kwenda msikitini, hapa Linxia, mji wa Waislamu magharibi mwa China. Kila siku baada ya adhuhuri wazee watatu walikaa pale kama waliopigiliwa misumari: Redio, aliyeendesha lori mpaka Lhasa, milimani Tibet, miaka thelathini na hajui kunyamaza, Mizani, fundi wa mizani za sokoni, na Kofia, mshonaji wa kofia nyeupe. Sailimai aliwamiminia chai ya kunazi na sukari ya mawe, birika la maji ya moto halimtoki mkononi, maana bakuli la chai la huku lina adabu yake: ukiegemeza kifuniko pembeni, unaongezewa; ukilifunika na kuweka kiganja juu, umetosheka. Siku hiyo, saa tisa, mwalimu angekuja kuchukua jibu: Yunusi, mwanawe wa miaka minane, arudi shuleni Jumatatu, au aendelee kusomea nyumbani.

Yunusi alikuwa kizingitini, anapanga kunazi kumi kumi juu ya ungo. Ana usonji, hasemi. Mwaka jana, darasa la watoto hamsini na kengele ya umeme vilimfanya ajigonge kichwa ukutani mpaka damu, na mama yake akamtoa.

— Kosa ni jina, alianza Redio. Mmempa mtoto jina la nabii aliyekaa kimya tumboni mwa samaki. Mlitegemea apige kelele?

— Nabii Yunusi hakukaa kimya, alisema Kofia. Aliomba dua humo humo. Hukuwahi kusikiliza hotuba hata moja, wewe.

— Nilikuwa njiani Lhasa.

— Jina halina kosa, alisema Mizani. Ni mnara wa simu. Ulisimamishwa mwezi aliozaliwa. Tangu hapo mizani zote za mtaa huu zinapungua gramu tano.

— Zinapungua kwa kuwa unazitengeneza wewe.

— Cheka tu. Na mke wako tangu mwezi huo hasikii ukimwita. Huo nao si mnara?

— Huyo hasikii kwa hiari yake, alisema Redio. Mimi nilimwona mtoto kama huyu kule milimani. Wakamweka na ngamia miezi mitatu. Akarudi anaongea Kitibeti.

— Aliyeongea ni mtoto au ngamia?

Sailimai alimimina, akacheka kidogo, moyo uko saa tisa. Hakuweza kuwakasirikia. Alikuwa ameona kwamba Yunusi akikaribia benchi, Redio hupunguza sauti ya kiredio chake bila kugeuza shingo. Mizani alikuwa amefunga kitambaa kwenye nyundo yake. Na kofia ya mtoto, Kofia aliirudia yote kwa mkono, mshono ukatokea nje, usimkwaruze kichwa. Hakuna aliyelisema hata moja kati ya hayo.

Kofia akaweka bakuli chini.

— Mama Yunusi, usinichukie. Umemfundisha mwaka mzima. Alhamdu ameijua? Mtoto wa Kiislamu, miaka minane.

— Anaijua, baba.

— Umejuaje, na hasemi?

— Asubuhi baada ya alfajiri nampakata, namsomea. Anaweka kidole hapa kooni. Nikiruka aya, ananifinya.

Wazee wakatazamana.

— Basi ni hafidhi wa vidole, alisema Redio, lakini sauti yake ilikuwa chini.

— Mimi namwamini, alisema Kofia. Ila siku ukifa, nani atampa koo la kushika?

Hilo ndilo lililokuwa likimwamsha Sailimai usiku. Mumewe, anayetengeneza tambi za kuvuta kwa mkono kwenye mkahawa mji wa mbali, akimpigia humwambia: wewe ndiye unayemwona. Lakini huyo huyo anayemwona huogopa kwamba hamfundishi, anamficha tu.

Mwalimu Geng akafika kabla ya wakati, kijana mwembamba wa kutoka pwani, hajamaliza hata mwezi hapa. Akaketi ukingoni mwa benchi, fomu gotini. Sailimai akampa chai. Akainywa yote kwa heshima, akakiweka kifuniko pembeni. Sailimai akamwongezea. Akanywa yote, kifuniko pembeni. La tatu. La nne. Jasho likaanza kumtoka.

— Hawa wa pwani wana matumbo ya ngamia, alinong'ona Redio.

— Mwache mgeni na kiu yake, alisema Mizani.

Birika lilipoinama mara ya tano, Yunusi aliinuka. Yeye asiyegusa mgeni alikuja mpaka mbele ya mwalimu, akachukua kifuniko, akalifunika bakuli. Kisha akamshika mwalimu mkono na kukilaza kiganja chake juu yake. Akabonyeza.

Birika likabaki hewani.

— Ndiyo kusema nini? aliuliza mwalimu.

— Kusema imetosha, alijibu Mizani.

— Nimeshiba tangu bakuli la pili. Mbona hamkuniambia?

— Hukuuliza, mwalimu.

Mwalimu hakucheka. Aliutazama mkono wake juu ya kifuniko, akamtazama mtoto, akaitazama fomu.

— Sasa huko darasani, alisema polepole, akitaka kusema imetosha, atafunika nini?

Mizani alikuna goti. Kofia alitafuta jambo kwenye sindano yake. Sailimai alikuwa amejiandaa kwa maswali yote, Alhamdu, hesabu, herufi alizomwandikisha kwenye unga. Hili hakuliwazia. Na aliyeuliza hakuwa anawatega. Alikuwa anawauliza kweli.

— Nikuandikie nini, mama?

— Andika yuko nyumbani, mwalimu. Siku ukipata la kufunika, njoo tuongee tena.

Mwalimu akaandika. Redio akanyoosha mkono apunguze kiredio chake, na kumbe kilishazimwa zamani.

Yunusi akapita benchi zima akifunika mabakuli, moja baada ya jingine. Akafika kwenye bakuli la mama yake, lililokaa dirishani limefunikwa, kavu tangu asubuhi. Akakitoa kifuniko, akakiegemeza pembeni, akasimama analitazama birika.

Kofia akainuka, akalichukua mkononi mwa Sailimai, akammiminia.