Baba Alikuwa Mponela Siku ya Ndoa Yangu

Bamama, badada, na ninyi baba mulioketi kule nyuma, Mungu abakumbatie. Mi si mutu wa kuongea mbele ya bantu. Lakini kuna mabinti hapa benyi kujitayarisha kuolewa, na mama mwenyi kuongoza kikundi aliniomba. Nikilia munivumilie.

Vita iliporudi Uvira mara ya pili, mi nilikuwa soko, wazazi balikuwa nyumbani. Risasi zikaanza, kila mutu akakimbia upande wake. Niliingia boti pamoja na jirani, tukavuka ziwa, tukateremka polepole mpaka Dzaleka, hapa Malawi. Hapa kambini nikajifunza kushona. Nikapata mwanaume muzuri, fundi wa viatu, mutu wa Fizi. Njo bwana wangu mpaka leo.

Mbele ya ndoa, akafika mwanaume moja wa kwetu. Akaniambia, "Dada, pole. Boti ya wazazi wako ilizama." Nililia, nikakubali. Sikumuuliza: we mwenyewe uliona, ao ulisikia? Badada, ile swali ndogo inanifuata mpaka leo.

Kwa kupanga ndoa, habari nilizitafuta kweli! Nilienda Lilongwe, kule Biwi, kuulizia fasi, mahali kwenyi banaazimisha robe nyeupe, gauni ya bibi arusi. Nilijua mama gani anapika keki, chorale gani inaimba vizuri, dereva gani anakubali kuingiza gari yake kwenyi vumbi yetu.

Pasta wetu akaniita. "Binti yangu, ngoja kidogo. Bantu bapya banafika kila mara. Acha nitangaze majina ya wazazi wako kwenyi makanisa, hata Lilongwe na Mponela. Kuna bantu betu kule, bado habajafika kambini."

Nikamujibu vibaya. "Pasta, wafu habatangazwi. Unataka nibazike mara ya pili?"

Majina hakuyatangaza. Bwana wangu naye aliogopa kunisukuma. Siku ya ndoa, pasta mwenyewe njo alinishika mukono na kuniingiza kanisani.

Miezi kidogo kisha ndoa, mvua ilipoanza, mama moja mugeni akaleta kitenge nimushonee. Alinisikiliza nikiongea, akaniangalia sana. "We si mutoto wa ule mama wa mikate, wa Kavimvira, kule Uvira? Mama yako nilimuacha Mponela. Anapukusa mahindi kwa mufanyabiashara."

Nilitoka mbio bila viatu. Bwana wangu akanifuata navyo mkononi, tukapanda lori.

Mama alikuwa ameketi katikati ya magunzi. Hakupiga kelele. Alinishika uso, kisha mikono, akagusa pete.

"Umeolewa?"

"Ndiyo, mama."

"Wakati gani?"

Nikamwambia, na habari ya boti pia. Akainamisha kichwa. "Boti iliyozama haikuwa yetu. Baba yako alikuwa hapa. Ile siku ya ndoa yako alikuwa bado anatembea, analima shamba ya bantu. Tulisikia kambi imejaa, njo maana tulibaki. Tumemuzika juzi, mvua ilipoanza."

Ndugu zangu, nabaambia, nilianguka. Tulimuleta mama kwetu, lakini mi njo nilikuwa mugonjwa. Cherehani ikafunikwa na vumbi. Kanisa nikaiacha. Nsima, ugali ya hapa, ilikuwa inapoa mbele yangu. Picha ya ndoa niliificha chini ya godoro, sababu kila nikiiona nilikuwa naona fasi ya baba bila baba.

Asubuhi moja mama akasema, "Ile picha, nionyeshe."

Nilikataa. Akangoja, mkono wake wazi. Nikamupa. Aliiangalia muda murefu.

"Nani huyu anakushika mukono?"

"Pasta."

"Twende kwake."

Tulimukuta pasta anapalilia mboga yake. Mama alipiga magoti kwenyi udongo, akamushika mikono yote mbili. "Baba, asante. Bwana yangu alikuwa mbali, we ukamushikilia fasi yake."

Pasta alilia, na mi nikalia, kilio ingine sasa, ya kupumua. Kesho yake nilifuta vumbi kwenyi cherehani.

Nashukuru pasta. Nashukuru bwana wangu, ule mama wa kitenge, na ninyi bamama mulioniletea uji nikiwa sitaki kuona mutu. Kupona nimepona. Kujuta najuta bado.

Mabinti, kabla ya kuulizia robe, mutafute bantu benu. Mutu akikuletea habari ya kifo, umuulize kwa heshima: macho yako iliona nini? Mukubali majina yatangazwe. Jibu ikikosekana, uolewe, roho yako itulie.

Na leo, kama kuna mutu hapa ndani anatafuta bantu bake, asitoke bado. Asimame, ataje majina. Tuko bengi hapa, tumepitia barabara nyingi. Tunasikiliza.