Wasifu wa Dada Kiherehere, Aliyejitungia Uzi Mwenyewe

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, wa kwanza kati ya watoto watatu wa seremala na mkunga. Mama alisema hata kutambaa hakutambaa, alisimama akaondoka. Tukamwita Kiherehere, naye akaitika.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, akajifunza ushonaji kwa shangazi. Mwaka 1979 alifungua chumba chake cha cherehani, dirisha likitazama barabarani asipitwe na jambo. Mwaka 1981 aliolewa na fundi saa, mtu mpole kupindukia.

"Mmoja wetu lazima atulie," shemeji husema.

Mwaka 2009 ngozi ilimtoka magamba viwikoni na magotini. Punde macho nayo yakawa mekundu, yakauma, yakajaa ukungu. Fundi nguo asiyeona tundu la sindano! Alilia mbele yangu, na mimi sikuwahi kuona chozi lake. Tukakubaliana kila apitaye chumbani amtungie sindano, azichomeke kwenye kimto chake.

Daktari wa ngozi akampa vidonge. Ngozi ikaanza kutakata. Siku moja nikakuta sindano zimeshatungwa, nikadhani ni shemeji. Shemeji akadhani ni binti yake. Binti akadhani ni mimi. Kumbe dada alikuwa akitunga mwenyewe, kimya, akiogopa kujipa matumaini ya bure.

Mwaka 2011 daktari akataka kusimamisha dawa, maana ngozi imepona. Dada hakuketi. Alichomoa sindano ukosini, akatunga uzi mbele yake.

"Ngozi imepona, sawa. Na haya macho je, daktari? Nirudi gizani?"

Akaitwa daktari wa macho, akampima. Uvimbe wa ndani ya macho ulikuwa umeshuka. Dawa ya ngozi ilikuwa imetuliza na huko, jambo ambalo madaktari wenyewe hawakulitarajia. Akaachiwa dawa yake, akawa anapimwa damu mara kwa mara, na cherehani haikunyamaza tena.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2023. Alilazwa, akatoroka wodini kwenda kushona, tukamrudisha akitugombeza njia nzima. Alifariki asubuhi ya tarehe 16 Juni 2024. Chumbani kwake tulikuta sare ya shule ya mjukuu, imebaki kifungo kimoja. Sindano ilikuwa imechomekwa hapohapo, uzi tayari tunduni. Kifungo nilikishona mimi, na uzi wake ulitosha.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na sisi wadogo zake wawili. Mola amjalie amani. Kupumzika itabidi afundishwe.