Ami Gharib na Breki ya Kushoto

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Gharib Faiz anastaafu baada ya kuwapima madereva wazee wa kisiwa hiki kwa miaka ishirini na sita, katika Kituo chetu cha Mwendo Salama hapa Makadara. Sisi wa ofisini tunamwita Ami, kama ndugu wa baba zetu. Wazee wanaoletwa kupimwa nao humwita Ami, hata wale waliomzidi umri. Mwandishi wa wasifu huu, Mejumaa Kalama, amekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na minne akifanya kazi ile ile, na mpaka leo hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kumwita shangazi.

Nalisema hili mapema lisije likasemwa nyuma yangu: mimi namwonea gere Ami Gharib. Daktari Raihana, mkurugenzi wetu, aliponipa kazi hii nilimwomba amtafute mwingine. Akanijibu kwamba wengine wataandika sifa tupu, na yeye amechoka na sifa tupu. Isitoshe, nyote mwajua kwamba ratiba ya sherehe ilikuwa na kipengele cha kumkabidhi Ami ufunguo wa gari, na kwamba kipengele hicho kimefutwa kwa sababu yangu. Basi niacheni niandike, mjue ilivyokuwa.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: tuna Starlet nyeupe ambayo fundi aliitia breki ya pili, upande wa kushoto, kwenye kiti cha abiria. Mzee huletwa na wanawe au hutumwa na daktari wake. Yeye hushika usukani, sisi hukaa kushoto, mguu karibu na breki, tukimtazama anavyogeuza shingo, anavyosoma njia, na anavyofanya pale tuk-tuk tatu na mkokoteni mmoja vinapodai nafasi moja. Mwisho tunamwambia aendelee kuendesha, au aendeshe mchana peke yake, au aache. Hilo la tatu ndilo lenye kazi. Mtu ameendesha tangu ujana wake, amewapeleka wake kujifungua na mayatima shuleni, leo unamwambia kwamba kuanzia sasa hata msikitini ataomba apelekwe.

Ami Gharib alijiunga nasi mwaka 1999. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa udereva papa hapa mjini, na baadhi ya aliowafundisha kushika usukani ndio hao hao aliokuja kuwaambia wauache. Mtu mwingine angefanya kazi hiyo angetafutiwa mganga wa kumroga. Yeye wakamwalika harusini.

Siri yake ya kwanza ni kwamba hapimi mtu, hutumikisha mtu. Mzee akishafunga mkanda, Ami humwambia, "Hebu nipeleke Liwatoni mara moja nikatazame samaki." Wakishatoka hapo ni hadithi tu: changu wamekuwa ghali, fulani amemwoza binti yake, nani kauza nyumba ya Ndia Kuu. Mzee husahau kutetemeka akaendesha kama anavyoendesha siku zote, vizuri au vibaya, na hapo ndipo Ami humwona. Na samaki alikuwa akinunua kweli. Starlet yetu inanuka changu hadi leo, na mimi ndiye ninayeiosha.

Msidhani sikujaribu. Nilipompima Mzee Zaki nilimwambia anipeleke Liwatoni, akaniuliza kwani kwetu hakuna soko. Kisha akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwambia ni wa Msambweni, mtoto wa Kalama. Akasema, "Aa," akatazama mbele, akakaza usukani kwa mikono miwili kama aliye mtihanini. Ami akiulizwa swali hilo humtaja nyanya yake, na mara huonekana ni jamaa ya dereva kwa upande wa mama. Mji mzima ni jamaa yake! Kwa mwendo huo nani asingeona gere?

Siri yake ya pili nakubali kwamba ni kubwa zaidi. Ami hamwombi mzee ufunguo kabla hajamtafutia miguu mingine. Anawajua madereva wa tuk-tuk wenye subira na wasio na subira. Humchagulia kila mzee mtu wake, wakakaa wakanywa kahawa, wakapatana saa za msikitini, siku ya hospitali, na nyumba ya dada wa kutembelewa kila Alhamisi. Hapo tena ufunguo hutoka wenyewe.

Bi Lamis wa Mbaraki, aliyekuwa mwalimu mkuu, gari lake lilikuwa limekwaruzwa pande zote mbili, na kila mkwaruzo ulikuwa kosa la ukuta. Nilimpima mimi. Nikamweleza kwa adabu na kwa takwimu kwamba aache. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba enzi zake mtoto wa namna yangu alisimama nje ya darasa. Juma lililofuata Ami alikwenda kwake pamoja na kijana mmoja wa tuk-tuk aitwaye Morgan. Sijui walisema nini. Ninalojua ni kwamba Bi Lamis alitoa ufunguo, na tangu siku hiyo hupita hapa nje ya ofisi amekaa kitako kiti cha nyuma, akimwamuru Morgan apige honi. Uamuzi ulikuwa wangu, neno kwa neno. Shukrani zikaenda kwake, pamoja na sinia ya vileja.

Na hapo nifike penye kidonda chenyewe. Kuna ada iliyozuka katika ofisi hii bila kutungwa na mtu: mzee akishatoa ufunguo, siku ya pili au ya tatu huleta sahani imefunikwa kawa, kile kifuniko kinachosukwa kwa ukili. Mahamri, mkate wa sinia, halua, katlesi. Huletwa na mjukuu au na yeye mwenyewe, na huwekwa mezani kwa Ami. Kawa moja juu ya nyingine, nyingine nyekundu, nyingine za rangi ya ukili mtupu. Meza yangu iko hatua chache tu, na imekaa miaka kumi na minne bila kawa. Ami alikuwa akinigawia, ndiyo. Nilikuwa nikila, ndiyo. Lakini mkate wa kugawiwa hauna ladha ya mkate ulioletewa, na anayebisha hajakaa kwenye meza yangu.

Daktari Raihana ameniomba nisisahau mafanikio. Ami ndiye aliyeandika kanuni kwamba mtu yeyote aliyepita miaka sitini na mitano asilitoe gari langoni kwetu bila kupimwa mwezi huo huo, awe mgeni, mfanyakazi au mkurugenzi. Aliipigania kanuni hiyo mbele ya kamati mpaka ikapita. Yeye mwenyewe sasa ana sitini na tisa.

Ilipokaribia siku ya kustaafu, kamati iliamua kumpa Starlet iwe zawadi yake. Wapo waliolia. Ami hajawahi kumiliki gari maishani mwake. Miaka yote hii amekaa kiti cha kushoto akiendeshwa na wazee wa watu. Alisimama akashukuru, akasema ameshamwahidi mkewe, Bi Tumu, kwamba atavuka naye feri, ampeleke Msambweni kwa dada yake, akiendesha yeye mwenyewe, na wakitamani madafu njiani atasimama. Bi Tumu alikuwa ameshanunua leso mpya ya kujitanda safarini.

Ikabaki kanuni. Na mpimaji mwingine katika kituo hiki ni mmoja tu.

Wenzetu waliona ni mzaha mtamu. Ufunguo ulikuwa umeshafungwa utepe. Tukatoka asubuhi, yeye kulia, mimi kushoto, na kwa ujeuri nikamwambia, "Hebu nipeleke Liwatoni mara moja nikatazame samaki." Alicheka hadi miwani ikamshuka. Nami nilikuwa nimejiandaa kwa furaha ndogo ya siri, nikimtafutia kakosa kamoja ka kumtania mbele ya watu. Nilitaka walau siku moja nimwone Ami Gharib amesahau kuwasha taa ya kukata kona.

Hatujatoka Makadara, hamali akaingia na mkokoteni kutoka kushoto. Nilimwona mapema, nikangoja Ami apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikakanyaga breki. Hamali akatutukania wazazi, Ami akanigeukia akitabasamu. "Wacha mchezo, Mejumaa." Alidhani namtania. Nami, wallahi, nilitamani iwe namtania.

Karibu na Mbaraki mama mmoja alishuka kutoka ukingo wa barabara, kushoto vile vile, kamshika mtoto mkono. Nilikanyaga kwa nguvu zote, mpaka mikanda ikatubana. Mama alivuka. Ami hakumwona alipoingia barabarani. Alimwona alipofika katikati, mbele ya gari, kama aliyetoka chini ya ardhi. Aliliweka gari kando, taratibu, akazima moto. Akageuza shingo yote kutazama pale alipotoka yule mama.

"Alikuwako muda wote?" akaniuliza.

"Alikuwako, Ami."

Hapakuwa na samaki siku hiyo. Tulibadilishana viti, nikaendesha mimi kurudi.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba jicho la kushoto lilikuwa limekwenda zamani, kidogo kidogo. Hakuna aliyejua, hata mwenyewe. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kumtazama dereva, na dereva hukaa kulia. Lakini majibu ya daktari yalichukua siku zake, na kabla hayajafika mimi ndiye niliyekuwa ugonjwa. Nikiingia chumba cha chai, maneno yalikatika. Nilisikia kwa masikio yangu kwamba Mejumaa ameona kijicho mpaka amemnyang'anya mzee wa watu gari la mwisho wa kazi. Mlinzi wa langoni aligeukia redio yake nilipomsalimia. Na la kuumiza zaidi, nusu ya maneno yao ilikuwa kweli. Kijicho ninacho, nimeshakiri hapo juu. Usiku nilijiuliza kama angekuwa mtu mwingine ningekanyaga mapema hivyo. Nilimkumbuka yule mtoto aliyeshikwa mkono, nikajijibu kwamba ningekanyaga. Asubuhi nikajiuliza tena.

Aliyelimaliza jambo ni yeye. Alikuja chumba cha chai saa ya mahamri, watu wote wamo, ufunguo mkononi na utepe wake. Akasema, "Mwacheni Mejumaa. Hakunionea. Lau ningekaa mimi kushoto, ningekanyaga kabla yake." Kisha akauweka ufunguo mbele yangu, kwa mikono miwili, kama wanavyouweka wazee wetu.

Ofisi nzima ikapiga makofi. Wakamkumbatia, wakalia upya, wakasema hapajatokea muungwana kama huyu. Lo! Hata kuanguka mtihani, mtu huyu ameanguka kwa shangwe. Mimi niliyempima niliambulia kuosha vikombe. Na lile neno la kwamba angekanyaga kabla yangu nimelisikia vizuri sana, Ami, na bado tutalizungumza.

Lakini nilikuwa nimejifunza kwake. Kabla hajatoa ufunguo nilikuwa nimeshakwenda kwa Morgan. Nilimweleza kwamba ana abiria mpya wa kupelekwa msikitini alfajiri, akaaye Ndia Kuu, na kwamba abiria huyo anapenda hadithi, asimkatize. Morgan aliuliza ni nani. Nilipomwambia alivua kofia, akasema atakuja kumchukua hata mvua ikinyesha. Wameshakunywa kahawa pamoja. Nililipanga mimi jambo hilo, naliandika hapa kwa sababu najua sifa zake zitakwenda kwa Morgan.

Jumatatu iliyopita nilifika kazini mapema. Meza ya Ami ilikuwa imeshaanza kukusanywa, ina masanduku. Juu ya meza yangu palikuwa na sahani. Imefunikwa kawa, ya ukili mwekundu na mweusi, mpya.

Nilidhani imekosea meza. Nikaibeba nikaipeleka kwake, kwa mazoea. Ami hakuinua hata kichwa. Akasema, "Ni yako, mwanangu. Si wewe uliyechukua ufunguo wangu?"

Ulikuwa mkate wa sinia, wa Bi Tumu, una iliki nyingi, bado una joto. Wenzangu walipita mmoja mmoja wakiitolea macho ile kawa. Sikumgawia mtu. Nilikula wote, nikalia, nikaendelea kula.

Kwetu sahani hairudishwi tupu, na mimi si mpishi. Kwa hivyo nimeomba ruhusa kwa Daktari Raihana, amekubali. Jumamosi, baada ya sherehe, Starlet itavuka feri kwenda Msambweni, njia ninayoijua vyema kwa kuwa ni ya kwetu. Bi Tumu atakaa nyuma na leso yake mpya. Nitaendesha mimi. Tukiona madafu nitasimama.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wanaokupenda bila kukuonea gere na mmoja anayekupenda hivyo hivyo anavyokuonea, tunakushukuru, Ami Gharib. Mwenyezi Mungu akupe umri, akuhifadhie jicho lililobaki, na kila utakapokwenda upate wa kukupeleka. Jumamosi kiti cha kushoto ni chako, na breki yake iko palepale. Ukiona nimechelewa, kanyaga.