Mwalimu Kalunde Musyoka na Mchezo wa Watawala Wanne, 1950–1996

Jumatano tarehe 9 Agosti 1950, huko Kalamba, Makueni, Mzee Ndululu na mkewe Ndila, ambao sasa ni marehemu, walipata mtoto wao wa kwanza wakamwita Kalunde. Mdogo wake wa pekee, Ndolo, alizaliwa miaka minane baadaye, na Kalunde ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea.

Alianza shule Kalamba mwaka 1957, akamaliza kidato cha nne mwaka 1968, kisha akasomea ualimu miaka miwili. Tangu utotoni alikuwa msimulizi. Wakitoka shule aliwasimulia wenzake njiani, na hadithi ikifika penye utamu alinyamaza. Wakimsihi, alisema, "Kesho, mkija." Wako watoto wa Kalamba waliomaliza darasa la saba kwa sababu ya hiyo kesho.

Januari 1971 alianza kufundisha Kyuso. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, alipokuwa akirudi kwao mwaka 1977, alimwachia sanduku la mchezo wa falme za kubuni, lenye dadu za pande nyingi na kitabu kilichokosa kurasa. Kurasa zilizokosekana Kalunde alizitunga mwenyewe. Alipohamishiwa Tulia mwaka 1978, mchezo wote ulikuwa umekuwa wake.

Haukuwa mchezo wa kushinda na kushindwa. Kila mchezaji alikuwa mtu fulani katika hadithi na alisema anachotaka kufanya. Kalunde alisimulia kilichotokea, na penye shaka dadu iliamua. Palikuwa na watawala wanne, na kila mtawala alikuwa na shujaa mmoja aliyefungwa kwake kwa kiapo cha uchawi. Shujaa huyo hakuweza kuuawa wala kukataa amri. Lakini kila alipoamriwa, alisahau kitu kimoja cha maisha yake: njia ya kwao, wimbo, jina la mtu. Kwenye kadi yake, iliyoorodhesha vitu hivyo, mstari mmoja ulikatwa. Mtawala mwenye amri nyingi aliishia na shujaa asiyemjua mtu yeyote.

Walicheza Jumamosi alasiri katika kibanda cha Musyoka, fundi wa redio sokoni Tulia. Musyoka alikuwa mtawala, na Nzilani, aliyefundisha pamoja na Kalunde, alikuwa shujaa wake. Ndolo, aliyekuwa amemfuata dada yake Tulia, aliandika kadi zote na daftari za kila kikao. Kwenye kadi alitumia majina halisi ya wachezaji, ili zisichanganyike.

Jumamosi moja ya mwaka 1981, mji wa Musyoka ulizingirwa. Kadi ya Nzilani ilikuwa imebakiwa na mistari miwili: jina la mama, na jina lake mwenyewe.

"Nitume basi!" Nzilani alisema. "Mtawala gani huyu anaangalia mji ukiungua?"

"Sikutumi."

"Aiya! Hata kadi yenyewe ni karatasi tu, Musyoka."

"Najua ni karatasi. Na mama yako ni mama yako. Mji uende."

Mji ulikwenda. Kalunde aliwaambia wengi baadaye kwamba alimkubali Musyoka siku hiyo, kabla hajaulizwa. Walifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wawili, Muthoki na Mulei.

Mchezo uliendelea hata katika njaa ya mwaka 1984, kwa chai isiyo na maziwa wala sukari. Mwaka 1986 dadu ilimwendea Musyoka vibaya, akalazimika kutoa amri moja. Mstari wa jina la mama ulikatwa.

Februari 1988 Nzilani alilazwa kwa malaria kali. Mama yake, akipanga nguo zake, aliona kadi hiyo. Iliandikwa: "Nzilani amefungwa kwa kiapo kwa Musyoka," na chini yake "jina la mama", limekatwa. Huku kwetu kithitu, kiapo kinachosemekana kuua, si jambo la mzaha, na mama ambaye mtoto wake yuko mahututi hospitalini hawezi kulaumiwa. Aliipeleka kadi kwa wazee wa kanisa.

Kikao kilikuwa Jumamosi tarehe 27 Februari. Kalunde alieleza kuwa ni mchezo. Musyoka akasema hivyo hivyo, lakini yeye alikuwa ametajwa kwenye kadi, hivyo neno lake halikuhesabiwa. Mwenyekiti akamgeukia Ndolo, ambaye alikuwa amefanywa karani wa kanisa wiki tatu tu kabla ya hapo.

"Karani, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Dada yako anasema ni mchezo. Ni mchezo?"

Ndolo aliitazama kadi. Alikuwa ameuona mchezo ule kwa miaka kumi. Alisema, "Mimi niliandika tu nilivyoambiwa."

Akaliandika hilo pia kwenye kumbukumbu za kikao.

Kalunde, kwa kuwa mchezo ulikuwa wake, alitengwa na Meza ya Bwana na kuachishwa kufundisha shule ya Jumapili. Daftari kumi na moja zilichukuliwa. Nzilani alipopona alikwenda mwenyewe kwa wazee kueleza, lakini waliona mtu aliyefungwa kwa kiapo hawezi kusema vingine. Kalunde hakuhama kanisa. Kwa miaka minane alikaa benchi la mwisho, akatoka kila meza ilipoandaliwa. Hakucheza tena, na hadithi hakusimulia tena, hata kwa wanawe.

Machi 1996, katika hospitali mjini Kitui, aliambiwa figo zake zimeharibika. Tarehe 20 Aprili Ndolo alikwenda kwake kuomba msamaha.

"Nimekusamehe zamani," Kalunde alisema. "Lakini Ndolo, ulinikosea ukiwa wapi?"

"Kanisani."

"Sasa unaniambia mimi kitandani? Mimi nilikuwa najua ni mchezo. Kawaambie wao. Nataka kushiriki meza kabla sijafa."

Ndolo aliahidi. Katika kikao cha tarehe 15 Juni aliliweka jambo hilo mwisho, chini ya "mengineyo", na kikao kikafungwa kabla ya kufika hapo. Tarehe 17 Agosti aliliweka hapo hapo tena, na hapakufikiwa. Cha tarehe 2 Novemba kiliahirishwa kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na watu walikuwa wanapanda. Karani ndiye hupanga ajenda. Angeweza kuliweka la kwanza.

Kalunde aliaga dunia nyumbani Tulia, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1996, saa tatu asubuhi, Musyoka akiwa kando yake. Hakuwa ameshiriki.

Leo, Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996, katika mazishi ya Kalunde, mbele ya wazee wa kanisa na waumini wote, Ndolo Ndululu, ambaye ndiye msomaji wa maneno haya, anajibu swali aliloulizwa mwaka 1988. Ulikuwa mchezo. Kiapo kilikuwa cha hadithi, na kadi zilikuwa karatasi. Alijua hivyo alipoulizwa, na aliuficha ukweli kwa kuogopa kupoteza kiti chake. Anaomba jibu hili liandikwe kwenye kumbukumbu za kanisa na karani mwingine.

Kalunde ameacha mume wake Musyoka; watoto wake Muthoki na Mulei; ndugu yake Ndolo; rafiki yake Nzilani, ambaye alimwosha na kumlisha tangu Machi hadi siku ya mwisho; na wanafunzi wa miaka ishirini na tano, Kyuso na Tulia.

Bwana amkaribishe mezani pake, na ampe pumziko la amani.