Fuatino wa Zamu ya Usiku

Mchungaji, wazee wetu, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi ni Peniamina, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, ingawa mwenyewe angeniambia nifupishe, watu wana kazi.

Fuatino Leavasa alizaliwa tarehe 14 Juni 1971 hapa kijijini kwetu Leulumoega, mtoto wa tatu wa mzee Iosefo na mama Sinapati, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1988, na mwaka 1994 akafunga ndoa na shemeji yetu Malaki, wakajaliwa watoto wanne, kifungua mimba akiwa binti yao Fetuao.

Mwaka 2003 aliajiriwa katika hoteli ya ufukweni, chumba cha kufulia, zamu ya usiku, akawa anarudi asubuhi, anachemsha talo, yale magimbi yetu, anawapeleka watoto shule, anamwogesha baba yetu aliyepooza, halafu analala kidogo kama mtu anayeiba. Jumapili usingizi ulimzidi nguvu kanisani, hivyo akaingia kwaya, si kwa sauti, maana sauti yake wote tuliisikia, bali kwa sababu wanakwaya husimama. Tulimcheka sana, jamani, na tulimpenda vilevile.

Presha ilimwanza mwaka 2019. Daktari alimwambia aache kazi ya usiku, naye akamjibu, "Dokta, nikilala usiku nani atafua, nikilala mchana nani atapika?"

"Basi mama, na hiyo presha haitalala," daktari akamwambia.

Mwaka jana aliomba zamu ya mchana, meneja akamwambia sawa, mradi Fetuao aichukue ile ya usiku, na Fetuao ana mtoto anayenyonya. Dada alikataa katakata, akaendelea mwenyewe, hadi alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Machi 2024 alipoanguka kazini kwa kiharusi, akafariki hospitalini mjini Apia asubuhi hiyohiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, wanakwaya, na wenzake wa kazini kwa mikeka ya heshima waliyotuletea msibani kama desturi yetu. Meneja, shada lako tumelipokea kwa mikono miwili. Ila juzi, ulipokuja kutupa pole, ulimwambia Fetuao kwamba nafasi ya mama yake inamngoja Jumatatu, na familia imekaa, ikaniagiza nikujibu hapa, mbele ya jeneza: haji. Dada yetu amekufa akiizuia zamu hiyo isimfikie mwanawe, na sisi hatutaifungulia mlango.

Pumzika kwa amani, Fuatino. Mtoto wako atalala nyumbani.